Kidonge cha usingizi ni kama mkopo wa simu: soma masharti kabla hujameza

Kama unasoma hii saa nane usiku, umepunguza mwangaza wa simu hadi mwisho ili mwenzako asiamke, basi wewe ndiye ninayekuandikia. Na kama kuna pakiti ya vidonge chini ya mto, vimebaki vitatu, na unapiga hesabu kama vitakufikisha Ijumaa, tulia. Nimekuwa hapo. Sikuletei mahubiri.

Nina jambo moja tu, na nitalisema mapema ndio usichoke njiani. Kidonge cha usingizi hakikupi usingizi, kinakukopesha. Mkopo wenyewe si dhambi, kuna usiku mtu anauhitaji kweli. Shida ni kwamba tunapewa bila kuambiwa utalipwa vipi. Siku ya kulipa ikifika, tunadhani ugonjwa umezidi, tunakimbia kukopa tena.

Mimi nilianza nikiwa mwaka wa pili chuoni. Mchana darasa, usiku kazi ya kuwaandikia wanafunzi wa Marekani insha zao. Usijifanye hujui, lazima unamjua msee mmoja wa kazi hiyo. Saa nne usiku kwetu ni saa tisa mchana kule New York wakati wa kiangazi chao, kwa hivyo kazi ilikuwa inaingia jirani akifunga mlango. Nilikuwa nalala alfajiri, naamka saa mbili, nagonga kopo la kinywaji cha kuongeza nguvu, naendelea. Baada ya miezi ya maisha hayo, hata usiku usio na kazi macho yalikataa kufunga.

Nikaenda kliniki. Foleni ilikuwa imefika nje, na daktari alikuwa na dakika chache tu za kunipa. Akaandika diazepam, miligramu 5, siku 14. Usiku wa kwanza nililala kama gunia la viazi. Asubuhi nilitamani kumpigia simu nimshukuru.

Siku 14 zikaisha. Hakuna aliyeniambia kinachofuata, na mimi sikuuliza. Nikashuka hadi duka la dawa la mtaani na kile cheti nimekikunja mara nne.

"Daktari, niongezee hizi."

Sidhani alikuwa daktari, lakini mtaani kila mwenye koti jeupe ni daktari. Aliangalia karatasi, akaniangalia.

"Unataka ngapi, boss?"

Huo ndio ushauri wote niliopata kwa mwaka mmoja na nusu. Cheti kilichakaa hadi kikapasuka, na kufikia wakati huo hakuna aliyekuwa akikiomba tena. Kidonge kimoja kikawa viwili, viwili vikawa vitatu. Mwaka wa tatu nikaacha chuo. Sitadanganya kwamba vidonge pekee ndivyo vilinitoa, karo pia ilikuwa na neno lake. Lakini nakumbuka nikisoma ukurasa mmoja mara nne, nafika chini sijui juu kumesemwa nini.

Niliamua kuacha siku ya Ijumaa, kwa hasira. Nilikuwa nimemkopa rafiki mia tatu za chakula, nikajikuta nimenunua vidonge. Nikavimwaga vyote chooni. Jumamosi nikalala vibaya, Jumapili hivyo hivyo. Jumatatu nikaanza kujipongeza, nikawaambia watu kwamba kuacha ni kuamua tu. Sikujua kwamba diazepam hutoka mwilini polepole, inaweza kuchukua siku nyingi.

Jumatano usiku deni likabisha. Moyo ulikuwa unakimbia nimelala chali. Shuka ililowa jasho, na ilikuwa Julai, baridi ya Nairobi unaijua. Jirani wa juu alikuwa anakoroga chai, sauti ya kijiko ikaniuma kwenye meno. Miguu ilikuwa inaruka yenyewe. Alhamisi sikulala, Ijumaa sikulala. Jumamosi asubuhi nilishindwa kushika kikombe.

Aliyenipeleka hospitali ni mama wa mlango wa pili, ambaye hatukuwa tumeongea lolote zaidi ya "stima imepotea kwenu pia?" Aliniona kwenye ngazi, akaita boda, akapanda nyuma yangu akinishika. Kule daktari, mama wa makamo, alinisikiliza hadi mwisho.

"Kijana wangu, nani alikwambia uache hizi zote siku moja?"

"Hakuna, daktari. Niliamua tu."

"Basi shukuru Mungu hukuanguka kifafa."

Ndipo akanieleza kwa lugha ya barabarani. Ubongo una breki zake. Kuna kemikali inaitwa GABA, kazi yake ni kutuliza neva zisipige kelele zote kwa pamoja. Diazepam na ndugu zake, kama lorazepam na clonazepam, huzipa breki hizo nguvu ya ziada. Zolpidem ni ya ukoo mwingine, lakini inakanyaga breki zile zile. Ukimeza kila usiku kwa miezi, ubongo unaona breki zimekaza kupita kiasi, unaanza kulegeza za kwake. Ndiyo maana kipimo cha mwaka jana hakikutoshi mwaka huu. Sasa acha ghafla. Gari liko kwenye mteremko, breki zake zimelegea, na zile za kuazima umezing'oa. Moyo, misuli, masikio, ndoto, vyote vinashuka kwa kasi. Kwa wengine inafika kifafa, na kifafa hicho kinaweza kuua.

Mtaani tunaiita arosto, na tunadhani ni ya watumiaji wa heroini pekee. Kumbe inaweza kumpata hata aliyeanza na cheti halali cha daktari.

Hapa ndipo wengi wetu hurudi nyuma, kwa hivyo soma polepole. Usiku ule mbaya baada ya kuacha huonekana kama ushahidi. Unajiambia, "Unaona? Bila dawa mimi silali kabisa. Nilizaliwa hivi." Unameza kimoja, unalala, na kesi inafungwa. Lakini huo haukuwa ushahidi wa vile ulivyo. Ilikuwa dawa inatoka. Kukosa usingizi kwa sababu ya kuacha dawa mara nyingi ni kukali kuliko kule kulikokupeleka kwa daktari mara ya kwanza, na kunapungua kadiri ubongo unavyokaza breki zake upya. Kwa anayetumia zolpidem, ambayo hutoka mwilini kwa saa chache tu, deni linaweza kubisha usiku wa kwanza. Ukilijua hilo, usiku utakuwa mgumu vile vile, lakini hautakutapeli.

Na usidhani haya yamegunduliwa juzi. Diazepam iliingia sokoni mwaka 1963 kwa jina la Valium, kutoka kampuni ya Roche ya Uswisi. Mwaka 1988 madaktari wa Uingereza waliambiwa kwamba dawa za aina hii ni za wiki 2 hadi 4 tu. Kati ya 1982 na 1994, Profesa Heather Ashton aliendesha kliniki mjini Newcastle ya watu waliotaka kuziacha, akaandika mwongozo ambao hadi leo unasomwa bure mtandaoni. Ujumbe wake ni kupunguza polepole, kwa mwendo ambao mgonjwa mwenyewe anauweza. Septemba 2020, mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliagiza onyo kali zaidi la uraibu, utegemezi na taabu ya kuacha. Hiyo ni miaka 57 baada ya Valium.

Kwa hivyo maarifa yapo, tena ya siku nyingi. Kisichofika ni maarifa hayo hadi kwenye ile kaunta ya mtaani, mahali ambapo swali pekee ni "unataka ngapi?" Kisheria hizi ni dawa za kuuzwa kwa cheti cha daktari. Sote tunajua vile inavyoenda.

Kuna sababu nyingine ya huu ukimya. Hapa kwetu vidonge hivi vina hadithi moja tu, ya mchele. Msee anatiliwa kitu kwenye kinywaji klabuni, anaamka bila simu na bila viatu, tunacheka ama tunalaani. Baadhi ya huo mchele ni dawa za familia hii hii. Lakini anayekunywa kimoja kila usiku chumbani kwake, haibi, hamsumbui mtu, anaenda kazini asubuhi, huyo hana hadithi. Nilipomwambia mathe, kitu cha kwanza alichosema ni, "Kwani umekuwa teja?" Simlaumu. Hakuna neno lingine tulilokuwa tumempa.

Sasa nilivyotoka. Kabla sijakupa hesabu, sikia: hii ilikuwa yangu, imepangwa na daktari aliyenipima. Usiinakili. Dawa yako, kipimo chako, muda uliotumia na magonjwa mengine uliyo nayo, vyote hubadilisha mpango. Kama una mimba ama ulishawahi kupata kifafa, ndio kabisa usijaribu peke yako.

Daktari alinirudisha kwenye miligramu 15, kitu ambacho kiliniuma kama kushindwa. Akanieleza kwamba huwezi kushuka ngazi ukiwa umeshaanguka. Mwili ulipotulia, tukaanza kupunguza miligramu 1 kila wiki mbili, kwa kutumia vile vidonge vidogo vya miligramu 2 vilivyogawanywa. Nilipofika miligramu 5 tukapunguza mwendo, nusu miligramu kwa wakati. Mara mbili tulisimama kabisa kwa wiki kadhaa, mara moja ni mwezi niliofukuzwa nyumba. Safari nzima ilichukua karibu mwaka. Mwongozo wa pamoja wa vyama vya madaktari wa Marekani uliotoka 2025 unashauri kuanza kwa kutoa asilimia 5 hadi 10 kila wiki 2 hadi 4, na usipite asilimia 25 kwa wiki 2. Naona wengi wetu tunataka kumaliza wikendi moja.

Vidonge nilimpa mama wa mlango wa pili aniwekee. Kila Jumapili ananihesabia vya wiki. Nilijiona mtoto, lakini saa tisa usiku mimi ni mtoto.

Halafu kuna usingizi wenyewe, maana kutoa dawa bila kujifunza kulala ni nusu ya kazi. Tangu 2016 madaktari wa magonjwa ya ndani wa Marekani wanashauri kwamba anayekosa usingizi kwa muda mrefu aanze na tiba ya kubadili mazoea na mawazo kuhusu usingizi, kabla ya kidonge. Kanuni zake ni rahisi kusoma na ngumu kufuata. Amka saa ile ile kila siku, hata kama ulilala saa mbili tu. Usijaribu kulipia kwa kulala mchana. Kitanda kiwe cha kulala, si cha kazi wala filamu. Na kama dakika kama 20 zimepita hujalala, toka kitandani, nenda chumba kingine, urudi ukisinzia.

Chumba kingine! Nilicheka. Keja yangu ni chumba kimoja. Kitanda ndicho kiti, ndicho ofisi, ndicho meza ya kulia. Ukitoka kitandani unaingia kwenye sufuria. Hapa ndipo mawaidha mengi ya mtandaoni hutuacha, yameandikwa kwa watu wenye sebule.

Nikatafuta njia yangu. Asubuhi naliegemeza godoro ukutani, halishuki hadi usiku. Nikanunua stuli ya plastiki, nikaiweka kando ya mlango. Hiyo stuli ndiyo ikawa chumba changu kingine. Usiku nikishindwa nakaa hapo, simu iko mbali, taa ndogo, nachambua ndengu. Mawe huku, ndengu huku. Ni kazi ya kuchosha kiasi kwamba macho yanaanza kufunga yenyewe. Sijawahi kula ndengu safi kama mwaka ule.

Kelele sikuziweza zote. Kuna kanisa la kesha nyuma ya ploti, na matatu ya kwanza hupiga honi kabla ya saa kumi na moja. Niliziba masikio kwa pamba, nikaacha kubishana nazo. Saa ya ukutani niliigeuza, kwa sababu kila nilipoiangalia nilikuwa napiga hesabu ya saa zilizobaki, na hesabu hiyo haijawahi kumlaza mtu. Kahawa na makopo, mwisho saa sita mchana. Kazi ya insha za usiku niliiacha, na hilo liliniuma mfukoni kuliko yote. Ninajua si kila mtu anaweza. Kama wewe ni askari wa usiku ama unafanya zamu, mwambie daktari wako hivyo waziwazi, mpango ujengwe juu ya zamu yako.

Kuna njia za mkato usizijaribu. Pombe inakanyaga breki zile zile, na ikichanganywa na vidonge hivi inaweza kusimamisha pumzi. Dawa kali za maumivu, zile za jamii ya afyuni, ni hivyo hivyo. Piriton na dawa za kikohozi ni kuhamisha deni kutoka laini moja hadi nyingine. Na ukipata kifafa, ukaanza kuona vitu ambavyo havipo, ukachanganyikiwa, ama ukaanza kufikiria kujiua, usingoje kukuche. Amsha mtu mwende hospitali. Ukitaka tu mtu wa kuongea naye kuhusu kuacha, laini ya NACADA ni 1192 na haikukati pesa.

Ndoto zilirudi kabla usingizi haujarudi vizuri. Nilikuwa nimekaa muda mrefu nikilala bila kuota, kama simu iliyozimwa. Mwezi wa nne hivi zikaja kwa fujo, nyoka, mitihani, marehemu babu akiniuliza viatu. Niliogopa. Daktari akasema ni ubongo unarudia kazi zake. Baada ya hapo nilikuwa naamka nimechoka lakini najua nilikuwa mahali.

Sasa maoni yangu, maana ndiyo niliyoitiwa hapa. Sitaki vidonge hivi vipigwe marufuku. Vimewasaidia watu wengi, mimi nikiwemo zile siku 14. Ninachotaka ni kwamba anayeandika ama kuuza kidonge cha usingizi aseme na siku ya mwisho. Sentensi mbili tu: "Hizi ni za wiki mbili. Zikizidi, rudi tuzipunguze pamoja, usiache ghafla." Haziongezi hata dakika moja kwenye foleni. Kama ningeambiwa hivyo, ningekuwa nimeokoa karibu miaka miwili na nusu ya maisha yangu.

Na wewe usingoje waamke waadilifu wote. Uliza mwenyewe, papo hapo, kabla ya kulipa: "Nitaiacha lini, na nitaiacha vipi?" Anayeshindwa kukujibu, usimpe pesa yako. Ukiwa tayari uko ndani, usione haya na usifanye ushujaa. Tafuta daktari, mwambie kipimo cha kweli, si kile cha kwenye cheti. Mwambie pia mtu mmoja wa karibu. Aibu ndiyo iliyonifanya nimwage zile dawa chooni peke yangu badala ya kutafuta msaada.

Siku hizi sijapona kama kwenye matangazo. Juzi nililala saa tano, nikaamka saa tisa, nikakaa kwa stuli. Sikuhesabu chochote. Nilichambua ndengu hadi nikasinzia. Saa kumi na mbili simu ikalia, ni mathe, hupiga kila asubuhi saa hiyo tangu nilipomweleza kwamba lazima niamke wakati mmoja.

"Umelala, mwanangu?"

"Kidogo, mathe."

"Basi amka, uinue godoro."